Sisi Tulitengeneza Jiko, Mnunuzi Akatazama Dari

Nianze na hesabu, maana ndiyo inayoniuma. Fedha zenyewe sitazitaja. Bei tuliyonunulia nyumba yetu nitaiita 100, na namba nyingine zote uzipime kwa hiyo. Tulikaa humo miaka sita. Tulipoamua kuhama, jirani alituletea mtu aliyekuwa tayari kutoa 108, aichukue nyumba kama ilivyo, bila dalali katikati. Tulimkatalia, tena kwa dharau kidogo. Tukatumia 26 kukarabati, tukangoja, tukauza kwa 117. Sasa toa hiyo 26. Toa na riba ya mkopo tuliochukua kulipia kazi, moja na nusu. Toa asilimia 3 ya dalali. Mkononi tulibaki na 86. Yule mtu wa jirani angetuachia 108.

Nikisimulia hivi watu hudhani tuliibiwa na mafundi. Hapana. Jiko letu lilitoka zuri mno, na hadi leo picha zake zipo kwenye simu yangu. Kosa lilikuwa letu, na lilianza kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufika.

Lilianza na msemo ambao kila anayeuza nyumba huusikia: jiko na bafu ndivyo vinavyouza nyumba. Tuliumeza mzimamzima. Hatukumuuliza mtu yeyote nyumba inauzwa kwa nani, kwa bei gani, na nyumba za jirani zilizofanana na yetu zilienda kwa kiasi gani. Mume wangu alichora jiko kwenye karatasi usiku mmoja, mimi nikaongeza kabati za hadi juu, na asubuhi tulikuwa tumeshakubaliana. Bajeti ilikuwa 18.

Kufika 26 hakukutokea siku moja. Kwanza niliamua sinki lihamie chini ya dirisha, kwa sababu nimeona majiko mengi mazuri yako hivyo. Ambacho sikujua ni kwamba sinki likihama, bomba la maji safi linahama, na bomba la maji machafu nalo linahama, na hilo la pili lazima liwe na mteremko, kwa hiyo sakafu inachimbwa. Ilipochimbwa tukakuta mabomba ya zamani yamekula kutu. Fundi bomba akanionyesha kipande, kwa ndani kimebaki tundu la kupitisha penseli. Hilo halikukwepeka, na sijutii kulilipia. Najutia sinki. Lingebaki pale lilipokuwa, jiko lingepungua bei kwa karibu robo, na sidhani kama kuna mnunuzi hata mmoja aliyejua kwamba limewahi kuwa kwingine.

Halafu zikaja zile za “maadamu fundi yupo.” Maadamu fundi yupo, tubadili na soketi. Maadamu yupo, dari ya korido tuweke jipsamu na taa za kufichwa. Ukiwa na fundi ndani ya nyumba na vumbi limeshatanda kila mahali, kuongeza kitu kimoja kunaonekana ni jambo dogo. Siku hizi namwambia kila anayeniuliza: andika orodha, ongeza juu yake asilimia 15 hadi 20 kwa yale yaliyojificha ndani ya kuta na chini ya sakafu, kisha orodha uifunge. Kitakachoongezwa baada ya hapo kiandikwe kwenye karatasi nyingine, na kikae siku mbili kabla hujasema ndiyo. Vingi vinakufa humo ndani ya siku hizo mbili.

Mwishowe ilikuwa hivi: jiko 13, bafu 6, sebule 4, dari na taa 3.

Ile 4 ya sebule ndiyo iliyotugharimu kuliko zote, ingawa ukiitazama kwenye karatasi ni ndogo. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vitatu vya kulala, cha tatu kidogo, tulikuwa tunaweka pasi na masanduku. Kilipakana na sebule. Wazo la kuvunja ukuta lilikuwa langu, na silisukumi kwa mtu mwingine. Nilitaka mtu akifungua mlango aone nafasi. Fundi aliugonga ukuta kwa nyundo, akatazama juu, akasema haubebi kitu. Kisha akaniuliza, “Dada, kuna michoro mipya?” Nikamjibu kwamba nyumba ni yetu. Akanyamaza, akashika kazi. Ukuta uliochukua labda siku tatu kujengwa ulikwenda chini mchana mmoja, tukaweka vigae vikubwa kutoka mwanzo hadi mwisho, na kweli, ukifungua mlango unaona nafasi.

Sasa niseme na tulichokiacha. Kwenye dari ya korido kulikuwa na doa la kahawia, upana wa sahani, lilikuja na kuondoka kufuatana na mvua. Fundi wa paa alipanda, akashuka akasema maji yanaingia pale bati linapokutana na ukuta wa juu, bati la maungio limeinuka na misumari imelegea. Alitaka malipo ambayo kwa hesabu yetu hayafiki hata nusu ya 1. Tukamwambia asubiri. Fedha zilikuwa zimeshaanza kubana, na paa, tulijiambia, halionekani. Tukaweka jipsamu juu ya dari ya zamani, doa likafunikwa. Tulilipia kulificha mara sita ya gharama ya kuliondoa.

Bei ya kutangaza tuliipanga mezani, kwenye hilo jiko jipya. Ile 108 tuliyoikataa, jumlisha 26 tuliyotumia, jumlisha kidogo cha jasho letu: 145. Dalali alipoisikia alikohoa. Alikuwa mtu mstaarabu, akasema tujaribu.

Mwezi wa kwanza walikuja watu wengi. Picha zilikuwa zinavuta. Walifika, wakasifia jiko, wakapiga picha za kwao, wakaondoka wasirudi. Nikajifunza kitu ambacho dalali alikijua siku zote: anayesifia sana hanunui. Anayetaka kununua anakuja amenuna.

Aliyenifungua macho alikuwa mama mmoja wa makamo, alikuja na kijana wake aliyekuwa anatafuta nyumba. Kijana alikuwa anazunguka jikoni anafungua droo zile zinazojifunga taratibu. Mama hakuingia jikoni. Alitoa sarafu kwenye pochi, akachuchumaa, akaanza kugonga vigae vya sebule, kimoja baada ya kingine, kichwa amekiinamisha kama daktari anayesikiliza kifua. Vingi vilitoa mlio mkavu, uliojaa. Vinne au vitano karibu na dirisha vililia kama debe tupu. Alinitazama tu. Baadaye fundi mwingine alinieleza: gundi ya vigae ilipaswa kutandazwa yote kwa mwiko wenye meno, sasa pale mwishoni, jua linazama, walipachika madonge matano matano wakaweka kigae juu. Chini kuna hewa. Siku ukidondosha kitu kizito, kigae kitapasuka.

Akaenda bafuni, akaomba ndoo ya maji. Nikampa, nikijua kabisa kinachokuja na nisijue la kufanya. Akamwaga. Maji mengine yakafuata njia ya kutokea, mengine yakatulia kwenye kona nyuma ya mlango, yakang'aa. Sakafu ya bafu inatakiwa ishuke kama sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu. Yetu ilishuka upande mmoja tu. Mimi bafu lile nilikuwa nimelioga miezi, kila siku nikisukuma maji ya kona kwa ufagio, na haikunipita akilini kwamba hiyo ni kasoro. Nilidhani ndivyo mabafu yalivyo.

Na kama vile haitoshi, wiki ile mvua ilikuwa imenyesha. Akiwa anatoka alisimama koridoni, akainua macho. Kwenye jipsamu jeupe, katikati ya taa mbili za kufichwa, doa la kahawia lilikuwa limeanza kujichora upya, pole pole, sahani ileile. Akamwambia mwanawe kwa sauti ya chini, ila si chini ya kutosha, “Wamepaka poda.”

Yule mama nilimchukia kwa siku kama mbili. Siku ya tatu nikampigia fundi wa paa.

Baada ya hapo tulishuka hadi 135, kisha 130. Mwezi wa nne akapatikana mnunuzi wa kweli, mwenye mkopo wa benki, tukakubaliana 126. Tukashangilia. Benki ikamtuma mthamini.

Mthamini alikuwa mzee mpole mwenye kipimo cha mita na tochi. Jikoni alikaa kama dakika mbili, akapima urefu na upana, akaandika. Darini alikaa nusu saa. Alizunguka nje akitazama mahali ukuta unapokutana na ardhi, akafungua kifuniko cha chemba, akafungua kisanduku cha umeme. Kisha akatandika nakala ya michoro mezani na kuuliza, “Chumba cha tatu kiko wapi?”

Nikamweleza. Nikamwonyesha na faili langu la risiti, nene, nimelipanga kwa tarehe. Alilifunga bila kulisoma, kwa heshima lakini. “Mama,” akasema, “mimi sithamini risiti.”

Akanifafanulia, na nimewahi kulipa ada za shule zilizonifundisha kidogo kuliko dakika zile kumi. Kazi yake, akasema, ni kutafuta nyumba zinazofanana na hii ambazo zimeuzwa karibuni, karibu na hapa, bei iliyolipwa, achana na bei iliyotangazwa. Anarekebisha juu au chini: ukubwa, idadi ya vyumba, kiwanja, umri, hali ya jengo. Jiko letu kwenye fomu yake linaingia kama “hali nzuri sana.” Jiko la kabati za kawaida, safi, lisilovuja, lingeingia kama “hali nzuri.” Kati ya maneno hayo mawili kuna tofauti ya thamani, ipo, ila haifiki 13 hata kidogo. Na nyumba za vyumba vitatu kule kwetu zilikuwa zimeuzwa kati ya 110 na 119. Hiyo ndiyo ilikuwa dari yetu halisi, na wala haikuwa na doa. Mtu mwenye uwezo wa kulipa 145 anakwenda eneo la nyumba za 145, haji kununua nyumba ya kifahari kuliko zote kwenye mtaa wa 115.

Halafu ukuta. Kwa kuubomoa niliitoa nyumba kwenye kundi la vyumba vitatu nikaiingiza kwenye kundi la vyumba viwili, ambako bei ni ya chini zaidi. Na kwa kuwa michoro iliyoidhinishwa ilionyesha kitu kimoja na jengo likaonyesha kingine, benki ilitaka maelezo, na barua ya mhandisi kwamba ukuta ule kweli haukuwa umebeba kitu. Wiki sita zikaenda. Mthamini akaandika 115. Benki hukopesha kwa kufuata thamani iliyoandikwa au bei iliyokubaliwa, ile iliyo ndogo, kwa hiyo mnunuzi alitakiwa ajaze pengo la 11 kutoka mfukoni mwake. Hakuwa nalo. Alikuwa na 2. Tukauza 117.

Nimekaa na hesabu hii muda mrefu, na nimeona mahali pengine ilipopotelea ambapo wengi hawapaoni. Katika ile 13 ya jiko, sehemu kubwa haikununua kitu kinachobaki. Tulilipa kubomoa kabati zilizokuwa zinafanya kazi. Tulilipa lori kubeba kifusi. Tulilipa kuchimba sakafu na kuirudisha ilivyokuwa. Yote hayo ni gharama za haki kabisa, fundi ametoka jasho, lakini mnunuzi anayeingia mlangoni anaona jiko moja tu. Hajui kwamba amesimama juu ya jingine lililozikwa.

Nilikuja kusoma baadaye ripoti ya Marekani iitwayo Cost vs. Value, ambayo hutoka kila mwaka kulinganisha gharama za ukarabati na kinachorudi nyumba ikiuzwa. Ya mwaka 2024 iliweka juu kabisa mlango mpya wa gereji, takriban asilimia 194 ya gharama yake. Ukarabati mdogo wa jiko ulirudisha karibu asilimia 96. Ukarabati mkubwa wa jiko wa kiwango cha kifahari, yaani kitu cha aina yetu, kama asilimia 38. Namba hizo ni za soko la huko, tena ni makadirio ya watu wa biashara ya nyumba, kwa hiyo usizibebe kama msahafu. Ila mpangilio wake nilikuwa nimeshauonja kwa mdomo wangu: kile mtu anachokiona akiwa bado barabarani kinalipa kuliko droo inayojifunga taratibu.

Je, hii maana yake mtu asitengeneze jiko lake? Mimi sisemi hivyo. Ukitengeneza ukakaa nalo miaka kumi, umelila. Kila asubuhi unayochemsha chai humo ni sehemu ya marejesho, na hakuna mthamini anayekudai maelezo. Kichekesho chetu ni kwamba tulikaa na jiko baya miaka sita, tukalitengeneza zuri ili apikie mtu mwingine. Miezi ile ya kungoja mnunuzi nilikuwa napikia nje, kwenye jiko dogo, nisije nikachafua.

Mwaka uliofuata shangazi yangu akaamua kuuza nyumba yake. Alinipigia ameshapata bei ya kabati. Nikamwomba asilipe chochote mpaka nifike.

Tulianza na dalali, kabla ya fundi. Tukamwuliza nyumba ikiuzwa leo hivi ilivyo itaenda ngapi, na tatu za mwisho zilizofanana nayo zilienda ngapi, na kwa nini ya juu ilipita ya chini. Bei aliyoitaja ya “leo hivi ilivyo” nayo niiite 100. Tulitumia 3.

Kubwa katika hiyo 3 ilikuwa paa: bati la maungio, misumari, mifereji iliyojaa majani, na bomba la kushusha maji lililokuwa linamwaga kwenye msingi. Ukuta wa upande ule ulikuwa unaota chumvi nyeupe na rangi inabanduka. Shangazi alitaka upakwe rangi wiki ileile. Nikamzuia. Ukipaka rangi juu ya unyevu unanunua rangi mara mbili. Tukakwangua, tukaondoa lipu iliyokufa, tukapiga mpya na kuiacha ikauke karibu mwezi mzima, shangazi akinung'unika kila siku, “Mwanangu, wanunuzi watakuta kidonda.” Ilipokauka tukapaka nyumba nzima rangi moja nyepesi. Tukabadili koki zinazodondosha, komeo zilizolegea, kioo kimoja chenye ufa, na soketi iliyokuwa na alama nyeusi ya kuungua, hiyo kwa fundi umeme mwenye leseni na karatasi yake. Jikoni tulibadili vishikio vya kabati na kusugua. Basi. Geti likapigwa msasa na rangi.

Kazi iliyochosha kuliko zote haikugharimu kitu: kutoa mizigo. Miaka 20 ya magazeti, viti vya mguu mmoja, masufuria yasiyo na vifuniko. Chumba ambacho shangazi mwenyewe alikiita stoo kikawa chumba cha kulala tena, maana ndivyo kilivyo kwenye michoro. Hapo nilijikuta nasimama kidogo mlangoni.

Na tukapanga faili. Safari hii halikuwa la risiti za vigae. Hati, michoro iliyoidhinishwa, kibali cha lile banda la uani, stakabadhi za kodi, ankara za maji na umeme za mwisho, karatasi ya fundi wa paa yenye tarehe na alichofanya. Kabla mtu hajaja kuona nyumba, nilizunguka mwenyewe na sarafu yangu na ndoo ya maji. Kigae kimoja kililia. Tulimwambia mnunuzi kabla hajakigonga, akacheka, akaacha kugonga.

Iliuzwa 109 katika wiki ya tano. Nikiri kwamba nyumba ya shangazi iko karibu na barabara nzuri na yetu haikuwa, na huenda soko lilikuwa limechangamka. Sitaki kujipa sifa yote. Lakini 3 ilileta 9, na ile yetu 26 pia ilileta 9.

Miezi michache iliyopita aliyenunua nyumba yetu alinipigia simu. Mke wake amejifungua mtoto wa pili, wanarudisha ukuta. Alitaka kujua kama bado ninao mlango wa kile chumba cha tatu, maana fremu ya saizi ile haipatikani kirahisi. Nikamwambia nilimpa fundi aondoke nao.